Haitoki Hata Pumzi

Jumatatu, 3 Novemba

Leo nimeona maji yanayochemka bila moto. Naandika kwa sababu usingizi umegoma. Si woga. Ni furaha.

Mwenye maji ni Elvire, daktari wa ng'ombe, yule wa pikipiki nyekundu. Ameingia karakanani sijamaliza chai, amekumbatia chombo cha aluminiamu, mwili mpana, shingo nyembamba. Kimeanguka kwenye mashimo ya barabara ya Buterere. Sasa kwa nje kimeota barafu. Akanieleza kuwa barafu hiyo ndiyo ugonjwa wenyewe. Chombo kina kuta mbili, na katikati ya kuta hakuna kitu. Hata hewa! Sasa hewa imeingia na baridi ya ndani inatoroka.

Nikauliza ndani kuna nini. Naitrojeni, akasema. Ndiyo sehemu kubwa ya hewa hii tunayovuta, ila imepozwa mpaka ikawa maji. Miaka ishirini natengeneza mitungi ya hewa hapa Buyenzi na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba hewa inamiminika! Nikavua kandambili ya kushoto, nikaichovya. Ikatoka ngumu kama kigae. Nikaigonga mezani, ikavunjika vipande vitatu. Nilitaka kuchovya na ya kulia, Elvire akakataa.

Humo hubeba mbegu za madume, zimo kwenye mirija myembamba. Bila baridi ile zinakufa. Kwa sasa mirija iko salama kwenye tangi kubwa la ofisini kwake, ila hana cha kuifikishia kwa wafugaji, na chombo kipya kutoka ng'ambo kitafika mwisho wa mwezi. Akauliza kama naweza kuziba hiki. Nikamwomba asome kibao changu mlangoni: SEIFU FUNDI MITUNGI. HAITOKI HATA PUMZI. Nikamwambia asijisumbue na kile cha zamani. Nitamtengenezea kipya, bora kuliko cha ng'ambo. Akaniachia kile kibovu na naitrojeni iliyomo, ya majaribio.

Sababu sikumwambia. Kwenye orodha yake ya wafugaji niliona jina la mama mkwe wangu. Ng'ombe wake, Bihogo, amepandishwa mara mbili na hakushika mimba. Joto lake la kutaka dume linatarajiwa Ijumaa. Mama ameapa kwamba hii ni mara ya tatu na ya mwisho, ikishindikana Bihogo anakwenda kwa mchinjaji. Mke wangu Mwavita amelia jikoni. Watoto wetu wanne wote wamekuzwa na maziwa ya ng'ombe huyo.

Na kuna jambo jingine. Tangu nimchomelee mama mkwe tangi la maji likapasuka mbele ya wageni, haniiti kwa jina. Ananiita "yule".

Jumanne, 4 Novemba

Nimewaza usiku kucha juu ya "hakuna kitu". Hakuna kitu kinazuia baridi! Godoro halizuii, ukuta hauzuii, lakini hakuna kitu kinazuia. Na hakinunuliwi popote. Unakitengeneza kwa kuondoa.

Asubuhi nimechukua sufuria mbili za Mwavita, ndogo ndani ya kubwa, nikazichomelea midomo kwa ukingo wa bati. Mshono mzuri ajabu. Kisha nikafunga kompresa ya friji ya zamani, nikaigeuza ifyonze badala ya kupuliza. Ikafyonza. Nikakaa kwenye kiti kuangalia hakuna kitu kikijaa.

Dakika ya tano sufuria ya nje ikalia "po!" Ubavu mmoja ukaingia ndani. Kisha wa pili. Hakuna aliyeigusa! Ilijikunja yenyewe kana kwamba mtu mnene ameikalia. Nikaizunguka mara tatu kumtafuta huyo mtu. Baadaye nikaelewa: ni hewa ya nje. Hewa hii inatukandamiza sote, siku zote, pande zote, na tunatembea tu kwenda sokoni. Nimejishika mbavu. Zipo.

Anouar alikuwa amesimama mlangoni. Anouar ni fundi wa ng'ambo ya barabara, na aliwahi kutaka kumwoa Mwavita. Mpaka leo mama mkwe akipita hapa humsalimia yeye kwanza. Akaniuliza kwa upole kwa nini cha ng'ambo kina umbo la yai na changu kina ubavu bapa. Nikamjibu kwamba yai halisimami mezani. Akasema ni kweli, akaenda zake anacheka.

Mwavita ameuliza habari za sufuria. Nimejifanya nasikiliza redio.

Jumatano, 5 Novemba

Njia mpya. "Hakuna kitu" nimeachana nacho, nitatumia kitu. Sufuria mbili nyingine, na katikati nimeshindilia sponji ya godoro. Upande wangu wa godoro, si wa Mwavita, mimi ni mtu wa haki.

Nimemimina naitrojeni saa nne. Kila saa nachovya kijiti mpaka chini, nakitoa, nakipunga hewani. Pale barafu nyeupe inapoishia ndipo maji yalipofika. Saa tano, vidole saba. Saa saba, vidole sita. Saa kumi, bado vidole vitano! Nimeimba.

Saa tisa alikuja mama mkwe. Tabu yake ni hii: mimi na yeye tunaheshimiana. Hanitazami usoni, mimi simtazami, na mambo ya dume na jike hayatajwi kati yetu hata kwa fimbo. Sasa utazungumzaje kuhusu chombo hiki? Aliketi nyuma ya pazia, akamtuma Mwavita aulize kama "ile kitu" itakuwa tayari kwa ajili ya "safari ya Bihogo". Mimi nikalijibu pazia kwamba ile kitu iko tayari. Pazia likauliza kama haitapasuka. Pazia lina kumbukumbu kali.

Elvire alipita na naitrojeni ya kuongezea. Akapima kwa kijiti, akainua nyusi, akasema nimejitahidi! Kwa kofia ya chombo akataka nikate kipande cha sponji tu, kikae kwa ulegevu. Nikashangaa. Moshi mweupe unatoka mdomoni mwa chombo mchana kutwa, watu wanaupita wanautazama, na juu yake kibao changu kinasema haitoki hata pumzi! Akaniambia, "Seifu, mi nakwambia, usifunge. Iyo kitu inapumua. Ukiifunga mudomo itatafuta pa kutokea."

Nimemshukuru. Ni mtaalamu wa ng'ombe. Ng'ombe wanapumua. Mtungi haupumui.

Alhamisi, 6 Novemba

Kofia: bati nene, mpira wa mlango wa gari, boliti nne. Nimekaza mpaka spana ikalia. Nikapaka sabuni kuzunguka mdomo. Hakuna hata povu moja! Moshi umekoma. Nilisimama hapo kama baba wa mtoto mchanga.

Kisha nikatoka nje kukifuta vumbi kile kibao. Mungu ni mwema sana kwa mafundi wasafi.

Sauti sikuisikia kwa masikio, niliisikia kwa magoti. Nilipogeuka, karakana ilikuwa imejaa wingu, na ndani ya wingu vipande vya godoro langu vilikuwa vinadondoka taratibu. Juu, kwenye paa, tundu la duara. Kupitia tundu, mbingu. Kofia haikuonekana.

Baada ya muda Anouar alivuka barabara ameishika kwa koleo, imevaa barafu. "Ndugu Seifu, iyi ni ya kwako? Imekuja kwangu bila kupiga hodi."

Nimeipokea. Nikamwambia ni jaribio na limefaulu. Mshono haukuachia popote, ni boliti tu zilizokatika. Halafu mvua ikaanza, na tundu liko juu ya meza yangu ya kazi.

Jioni Mwavita hakupiga kelele. Amekaa kitandani kwenye upande wake wa godoro, akauliza kesho Bihogo atapelekewa nini. Nimeona aibu, kweli. Naandika hapa kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia.

Ijumaa, 7 Novemba

Saa mbili asubuhi simu ya mama mkwe. Yeye mwenyewe, kwangu! Haijawahi kutokea. Aliuliza hali ya watoto. Aliuliza habari za mvua. Akakohoa. Kisha akasema, "Bihogo leo aina raha. Inalia tu."

Nikamshauri ampe maji na chumvi kidogo. Akakohoa tena. Akasema amelia tangu alfajiri na anaruka juu ya ua. Nikashauri ainue ua. Akakata simu.

Nilijisikia vizuri. Tumeongea kama watu wa nyumba moja.

Mwavita alirudi sokoni saa sita, nikamsimulia. Aliangusha kikapu. Nyanya zikabingirika mpaka barabarani. Ni joto, wewe mwanamume, joto! Ulitaka akutajie vipi, na wewe ni mkwe wake?

Hapo nikakimbia. Nilimkuta Elvire mtaa wa Musaga saa tisa, ana mirija ofisini na hana chombo. Kwa aibu kubwa nikamwambia changu kimepaa. Tukarudi Buyenzi hata hivyo, labda nichomelee kitu njiani. Anouar alikuwa anakunywa chai nje. Akasikiliza. Akaimwaga chai yake yote, akaisuuza chupa, ile ya kuta mbili ya kawaida kabisa yenye maua mekundu, akampa Elvire, na tambara safi la kuziba mdomo. Kwa ulegevu.

Ofisini Elvire akamimina, chupa ikachemka, ikatulia, mrija ukaingia. Saa kumi na moja tulikuwa kwa mama mkwe, Buterere, katikati ya mashamba ya mpunga, mimi nyuma ya pikipiki nimekumbatia chupa ya chai ya Anouar kifuani.

Elvire alifanya kazi yake. Mimi na mama mkwe tulisimama tumepeana migongo, tunatazama mpunga. Nikasikia Elvire akisema saa hii ndiyo hasa inayotakiwa. Joto likianza alfajiri hupandishwa jioni, na tungekuja asubuhi tungewahi mno.

Mungu wangu. Kumbe ni mimi niliyepanga saa!

Jumamosi, 8 Novemba

Nimemweleza Mwavita kwamba ucheleweshaji ulikuwa wa kitaalamu. Amenipa sindano na magunia mawili nishone godoro.

Ijumaa, 28 Novemba

Siku ya ishirini na moja. Kama hakushika, joto lingerudi leo. Mama mkwe ameketi zizini tangu alfajiri. Bihogo amekula, amelala, amecheua. Kimya! Elvire anataka kumpima kwanza ndipo aseme kwa hakika, ila anatabasamu. Mwavita amecheka mpaka akalia, na mimi nimelia kidogo, nyuma ya kompresa.

Mama mkwe ametuma ujumbe. Mchinjaji asahauliwe. Ndama akiwa dume ataitwa Anouar. Akiwa jike, Termosi. Yaani chupa imepata jina kabla yangu! Mwishoni aliongeza kwamba "yule" naye ashukuriwe kwa kuibeba vizuri.

Mchana Elvire ameleta chombo kipya cha ng'ambo, kimejaa, nikichomelee kishikio cha pikipiki. Kazi ya nusu saa. Nimemwambia aache mpaka jioni, kwa sababu nimegundua jambo la kusikitisha sana. Kofia yake inacheza! Ukiigusa kwa kidole inazunguka. Moshi unapita pembeni bila haya. Watu wanasafirisha kitu kama hiki kuvuka bahari na hakuna fundi hata mmoja njiani aliyeona!

Safari hii sitarudia kosa. Boliti nane, si nne.

Tundu la paa nimeliziba asubuhi kwa bati jipya. Nakaza saa kumi, Anouar akiwa amekaa nje na chai yake, ili aone.