Nimeondoka Dukani kwa Hasira Nikiwa Nimevaa Skii

Mwenzenu leo nimedhalilika. Nimedhalilika mchana kweupe, mbele za watu, ndani ya jengo lenye taa kila kona. Nimeona niwasimulie mwenyewe kabla video haijawafikia. (Ndiyo, video ipo. Nitafika huko.)

Wanaonijua wanajua kazi yangu. Mimi ni Zuhura, mtoto wa Ilala, ajenti hapa Guangzhou. Mteja akitua, namtembeza Guangyuan Xilu kwenye maduka ya nguo za jumla, nampigania bei, nafungasha mzigo, nausindikiza mpaka bandarini. Nguo nazijua. Nipe kitambaa gizani, nitakwambia kitachuja au hakitachuja. Lakini siku hizi biashara imedoda jamani. Wateja wanaagiza wenyewe kwa simu wakiwa wamejilaza Kariakoo. Mama kila akipiga ananiambia, "Rudi mwanangu, uje tukaange maandazi." Mama yangu nampenda. Ila maandazi ya kuamkia saa kumi alfajiri siyawezi.

Basi Dada Neema aliponipigia, nilisujudu. Dada Neema ni mtu wa Moshi, ameolewa Norwe, na huko anafungua duka la kukodisha skii za wanawake. Skii ni zile mbao mbili ndefu wanazovaa miguuni kuteleza kwenye theluji. Akasema anakuja Guangzhou achague jozi moja ya mfano. Ikimridhisha, mzigo wote wa duka lake utapitia kwangu, mwaka huu na miaka inayokuja. Kontena, jamani. Kontena! Nikajiona kabisa nimesimama bandarini Nansha na karatasi mkononi, nawaelekeza watu.

Leo asubuhi nikamfuata hotelini, tukapanda teksi. Hata hatujafika mbali akaniuliza, "Zuhura, skii lakini unazijua?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema hapana.

"Nazijua?" nikacheka. "Dada Neema, mimi nateleza kila wikendi!" (Theluji nimeiona kwenye friji.)

"Kila wikendi?"

"Nikikosa naumwa kichwa."

Akanitazama, kisha akageukia dirishani. Nikadhani nimemkosha.

Tulikuwa tunakwenda Huadu, kwenye ukumbi mmoja wa theluji. Nje jua linawaka, jasho mpaka kwenye nyusi. Tumeingia ndani, loh! Mlima mzima uko chini ya paa! Theluji imemwagwa kutoka juu mpaka chini, watu wanashuka, watoto wanapiga kelele, na baridi inang'ata masikio. Nilitaka kupiga yowe. Nikajikaza, maana mtu wa kila wikendi hashangai. Wakatukodisha makoti na suruali nene. Mimi nilikuwa nimevaa dera langu. Nikalikusanya lote, nikalisindilia ndani ya suruali. Nikapata nyonga ambazo Mungu hakunipa.

Duka lenyewe la skii liko juu kabisa, pale mteremko wa wanaojifunza unapoanzia. Lina milango miwili: wa mbele unatokea kwenye korido, wa nyuma unatokea kwenye theluji, ili mnunuzi ajaribu mzigo. Mwenye duka ni baba mmoja mfupi mwenye miwani, tumwite Bosi. Ana muuzaji wake, binti mcheshi, simu haitoki mkononi.

Dada Neema akanieleza anachotaka. "Sitaki za wanaoshindana. Wateja wangu ni kina mama. Asubuhi wako kwenye njia iliyolainishwa, mchana wameingia kwenye theluji ya unga pembeni, jioni kila kitu kimeganda barafu. Nataka jozi moja iyaweze yote."

Nikamwelewa papo hapo. Ni kama lile gauni la kuvaa ofisini, harusini na msibani, unabadilisha mtandio tu. Nikamtafsiria Bosi hivyo hivyo kwa Kichina changu cha sokoni. Bosi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Kisha nikaanza kukagua, kwa sababu ajenti lazima aonekane anakagua. Nikanusa gundi. Nikakwaruza rangi kwa ukucha. Nikagonga mbao kwa kidole, nikatega sikio. Nikazigeuza nikitafuta mshono. (Mshono!) "Hizi hazichuji," nikatangaza. Dada Neema akakohoa.

Yeye alikuwa anazipima kwa njia yake. "Hizi kiuno chembamba mno, kwenye theluji ya unga zitazama. Zile pana mno, zitamchosha mtu magoti." Mimi naitikia kwa kichwa tu, huku moyoni nashangaa, kumbe skii zina kiuno! Akaendelea mpaka akafika kwenye jozi moja ya kijani. Kiuno cha wastani, ncha zimeinuka kidogo, nyepesi, ukizikandamiza zinapinda kisha zinarudi. Uso wake ukabadilika. Mimi uso huo naujua, nimeuona kwa wateja wa vitenge. Mtu akiutoa mbele ya muuzaji, bei imeshaharibika.

"Hizi tunazijaribu," akasema. "Ila miguu yangu imevimba kwa safari, buti haziniingii. Mimi na wewe tunalingana. Vaa wewe nizione zinavyopinda." Akanisogezea buti. "Si uko huku kila wikendi?"

Jamani! Ningefanyaje?

Nikavaa buti. Buti za skii ni ngumu, hazina huruma, mguu ukiingia umefungwa. Muuzaji akapiga magoti mbele yangu, akanivua, akanibadilishia. La kushoto nilikuwa nimelivaa kulia. "Nilikuwa nazipima," nikamwambia. Wakanishika mikono mpaka nje ya ule mlango wa nyuma, kwenye sehemu tambarare. Nikakanyaga skii, zikanibana, ta! ta! Nikasimama wima, nimetabasamu, sipumui. Dada Neema akachuchumaa, akawa anaangalia mbao zinavyolala chini ya uzito wangu. "Nzuri," akanong'ona. "Nzuri sana."

Na wallahi ingeishia hapo. Tatizo Bosi alitoka na kikokotoo.

Sasa kwa ambao hamjawahi kununua mzigo Guangzhou, sikilizeni. Bosi akikuonyesha bei, unashtuka. Mkono kifuani. Unasema "Tai gui le!", yaani ghali mno. Akigoma, unasema "Bu yao!", sitaki. Halafu unamgeuzia mgongo, unaondoka kwa hasira. Siri yote iko hapo: usigeuke nyuma. Ukigeuka tu, ameshajua unaitaka. Kidevu juu, macho mbele, tembea. Kabla hujafika mbali atakuita mwenyewe, na bei itakuwa imeshuka. Nimefanya hivyo miaka mingi kiasi kwamba miguu haisubiri tena ruhusa yangu.

Bosi akanionyesha kikokotoo. Mkono ukaenda kifuani wenyewe.

"Tai gui le!"

Akatikisa kichwa.

"Bu yao!"

Nikageuka. Kugeuka na zile mbao si kazi ndogo, nilipiga hatua kadhaa za bata, lakini niligeuka. Nikainua kidevu. Nikapiga hatua moja kubwa ya hasira.

Nikaona naenda.

Sikuwa natembea, naenda tu, mwepesi, bila kelele. Na wazo la kwanza lililonijia, haki ya Mungu siwafichi, lilikuwa hili: leo naondoka vizuri kweli.

"Zuhura!" Dada Neema huyo. "Zuhura, simama!"

Nikasema moyoni, dada huyu ataniharibia, hajui biashara. Sikugeuka. Ndipo upepo ukaanza kunipiga usoni, nikatazama chini ya kidevu changu, na sehemu tambarare haikuwepo tena. Palikuwa na mteremko. Mrefu. Mweupe. Wenye watu.

Mama yangu mzazi!

Nyuma nikamsikia Bosi. "Pengyou! Pengyou!" Rafiki, rafiki! Na akataja bei mpya. Ilikuwa imeshuka vizuri tu, bei ambayo siku nyingine ningerudi nikitabasamu. Ningerudije? Nikazidi kwenda. Akaishusha tena. Nikaongeza mwendo. Masikini, alikuwa anadhani nimekasirika kweli! Akaanza kukimbia kwenye theluji na viatu vyake vya dukani, kikokotoo juu, anapiga kelele: fimbo za skii bure! Mfuko bure! Bei ikashuka mara nyingine. Tangu nije China sijawahi kuona bosi anashuka vile, na mimi sina breki.

"Haode!" nikapiga ukelele. Maana yake sawa, nimekubali. "Haode! Haode!"

Lakini mtu gani atakuamini umekubali wakati unazidi kuondoka? Akashusha tena.

Dera likachomoka kwenye suruali. Likajaa upepo, likanivuta upande, nikatoka kwenye njia laini nikaingia kwenye lundo la theluji pembeni. Nikasema hapa ndipo ninapokufa. Wapi! Skii zikapita katikati yake, zikatokea upande wa pili, zikapanda juu ya barafu ngumu iliyokuwa inang'aa kama kigae. Nikapita hapo nimesimama, nasoma kila dua niliyofundishwa madrasa.

Chini kulikuwa na watoto wa chekechea wamepanga mstari, kila mmoja amefungiwa mto wa kobe makalioni ili akianguka asiumie. "Pisheniii!" nikawapigia kelele. (Kwa Kiswahili. Watoto wa Kichina.) Mwalimu akapuliza filimbi, makobe wakatawanyika huku na huku, nikapita katikati yao mikono juu, nikaenda kuingia kwenye wavu wa rangi ya chungwa uliofungwa mwisho wa mteremko.

Wavu ukanimeza. Ukanirudisha. Ukanimeza tena. Nilipotulia, nilikuwa nimefungashwa kama belo la mitumba, mguu mmoja juu, dera kichwani, hijabu imeziba macho. Watoto wakapiga makofi.

Katoto kamoja ka kike kakaja, kakavua mto wake wa kobe, kakanipa. (Niliuchukua. Niliuhitaji.)

Bosi akafika, anahema, miwani ina ukungu. Akanishikia kikokotoo kwa mikono miwili mbele ya uso. Nikatazama ile bei nikiwa bado kwenye wavu. Nilitaka kulia, maana nilijua haitakuwa na faida kwangu tena. Dada Neema alikuwa nyuma yake.

"Umeumia?"

"Aibu tu, dada."

"Zuhura. Umewahi kuvaa skii?"

Sasa ningedanganya nini, na mguu uko juu? "Dada, theluji nimeiona kwenye friji."

"Nilijua tangu kwenye teksi. Nikakupa buti nikijua utasema mwenyewe." Akapumua. "Kumbe wewe bora ushuke mlima kuliko kusema sijui!"

Nililiona kontena langu linaondoka Nansha bila mimi. Nikaanza kusikia harufu ya maandazi, nawaambia ukweli. Nikamwambia, "Nisamehe dada. Niliihitaji hii kazi, nikaogopa ukijua utatafuta mwingine."

Aliinama, akafungua skii moja miguuni mwangu, akaigeuza, akaipangusa theluji kwa kiganja, akaitazama chini na ubavuni. Kisha ya pili.

"Zimepita kwenye njia laini," akasema taratibu, kama anajisemea mwenyewe. "Zimepita kwenye theluji nzito. Zimepita kwenye barafu. Na juu yake kuna mtu asiyejua hata buti la kushoto, na hazikumwangusha mpaka kwenye wavu." Akageuka kwa Bosi, akatazama kikokotoo. Nikamwona anameza mate. Watu wa Moshi furaha ya bei nzuri hawaifichi. "Na bei hii ningebishana mpaka kesho nisingeipata."

Akanivuta mkono nikatoka kwenye wavu.

"Nachukua hizi. Na kazi ni yako. Lakini tuelewane, mdogo wangu. Kuchagua nitachagua mimi. Wewe kazi yako itakuwa kuondoka."

Nikamkumbatia palepale na mto wangu wa kobe.

Kuhusu video: yule binti muuzaji alirekodi kila kitu kuanzia "Bu yao". Sijamaliza kuvua buti, imeshafika kwenye kundi letu la Watanzania, na mtu ameandika, "Huyu si Zuhura wa Ilala?" Imefika mpaka Ilala kwenyewe. Mama amepiga sasa hivi, ana hofu kweli: "Zuhura mwanangu, nani huyo mwanaume wa miwani anayekukimbiza?"

Kwa hiyo nawaomba, msicheke. Kesho tunakwenda kununua buti za duka la Dada Neema, na kazini nimeajiriwa kuondoka kwa hasira. Safari hii sivai skii: kandambili nimeshaziweka mlangoni.