Pazia Jekundu Lililouzwa Mara Tisa

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimepata mashine ya kadi! Ndogo, nyeusi, inaenea kiganjani. Nimeiweka mbele kabisa ya kibanda, juu ya mapazia, imtazame Muuza Vioo wa upande wa pili. Huyo bwana tangu apate ya kwake hatulali: kadi tunapokea, kadi tunapokea! Leo nimeimba mimi. Hakugeuka, ila nimeona sikio limemsimama.

Aliyeleta mashine ni binti wa benki, mpole, mwenye viatu vya kelele. Kasema mashine isiyotumika hurudishwa, na Ijumaa atapita kuangalia. Nikamwambia ajiandae kukuta foleni.

Jumanne, tarehe 4

Kadi hakuna. Mama mmoja alichagua pazia la jikoni, akatoa noti. Nikamsihi alipe kwa kadi. Akasema hana. Nikamuuliza kwa nini hana. Akarudisha pazia!

Kwa Muuza Vioo mashine inalia tii, tii, kutwa nzima. Wakija kuninyang'anya yangu mbele ya macho yake, nitahama soko.

Jumatano, tarehe 5

Akili ni mali. Mke wangu ana kadi! Ndani yake mna akiba ya cherehani. Miaka yote hii anashonea watu kwa cherehani ya kuazima, anajinyima, anaweka. Jumamosi anakwenda kununua yake. Mimi sichukui kitu, napitisha tu. Namuuzia pazia, hela inaingia kwangu, namrudishia kabla hajajua.

Nimeichomoa kadi mkobani akiwa anaoga. Namba ya siri ni tarehe ya harusi yetu. Nikakosea. Nikakosea tena. Jasho! Nikikosea mara ya tatu, kadi inafungwa. Nikakimbia nyumbani kutazama nyuma ya picha ya harusi, ndiko ilikoandikwa. Mke akaniuliza nimesahau nini. Nikasema nimeikumbuka tu siku ile, nikatamani kuiona picha. Akanitazama sana. Kisha akanimiminia chai, akaniwekea na sukari ya ziada. Nikainywa mbio, nikarudi kibandani.

Pazia jekundu nimeliuza mara tisa. Tii, tii, tii! Muuza Vioo kageuka na shingo yote. Jioni kadi ikarudi mkobani.

Alhamisi, tarehe 6

Simu kutoka benki. Si yule binti, ni mwanamume mwenye sauti kavu. Akauliza ni mteja gani huyu aliyenunua pazia lile lile mara tisa asubuhi moja. Nikajibu ana madirisha mengi. Akasema hela yote imezuiwa mpaka wachunguze, na uchunguzi hauna haraka. Nikamwambia kuna cherehani Jumamosi. Akauliza cherehani gani. Nikakata simu.

Chakula nimekiacha mezani. Mke anafagia pembe itakapokaa cherehani, huku anaimba. Naogopa wimbo ule kuliko benki.

Ijumaa, tarehe 7

Nimekwenda benki kuomba. Wanasema lazima waongee na mwenye kadi. Nikasema mimi ni mumewe. Wakasema mume si mwenye kadi. Niliporudi sokoni, viatu vya kelele vilikuwa vimeshafika. Binti akaichukua mashine kwa upole, hata waya wake akaukunja vizuri. Muuza Vioo akanipa pole kwa sauti ya kusikika soko zima.

Nikafunga mapema, niwahi kumwambia mke mwenyewe. Nafika mlangoni, yuko kwenye simu. Anasema hapana kaka, sijawahi kununua pazia kwake, mganga hajigangi, dirisha letu la chumbani nimelifunika shuka tangu tuoane. Kisha akaniona uso. Nikainamisha kichwa. Akasikiliza simu kidogo, nadhani waliuliza kama ameibiwa. Akasema hapana, ni mume wangu, nilimtuma mimi.

Akakata simu. Akaniuliza jambo moja tu: kwa nini sikumwambia. Nililia, na sikuwa naigiza.

Jumamosi, tarehe 8

Cherehani aliyoichagua mke imenunuliwa na mtu mwingine. Mke akaja kibandani, akalishusha pazia jekundu bila kuniangalia. Nikamuuliza analipeleka wapi. Akasema ameshalilipia mara tisa.

Jumapili, tarehe 9

Chumba kimebadilika! Mwanga wa asubuhi umekuwa mwekundu. Nimesamehewa nusu. Hela itarudi, kasoro makato ya benki, na nimeapa cherehani ijayo nitaibeba kwa kichwa changu mwenyewe. Nimeapa pia kwamba kadi ya mke wangu siigusi tena maishani. Kiapo ni kiapo.

Ila benki ile nyingine, ya pale kona, nao wanatoa mashine. Na kesho mama mkwe anakuja kutusalimia. Mke anasema naye siku hizi ana kadi. Namba ya siri ya mtu mzima huwa ni mwaka wa kuzaliwa, haiwi kitu kingine. Nimemuuliza mke, kwa upole tu, mama alizaliwa mwaka gani.

Amefurahi mno, mpaka amenishika mkono. Anadhani naandaa zawadi.