Benchi la Randa na Kompyuta ya Auleria

Gibson alifika kijiweni simu ikimtangulia mkononi. Pale Tandika wanamwita Antena, maana hakuna uvumi unaopita Temeke nzima bila kumgusa yeye kwanza. Kazi yake udalali wa vyumba, ila vyumba vyenyewe huvipata kwa bahati. Habari ndizo hazimkosi. Hata salamu hakutoa. Alibonyeza simu, sauti ya mwanamke asiyejulikana ikamwagika juu ya vikombe vya kahawa: kina mama wajawazito wakae mbali na kompyuta, kile kioo kinatoa mionzi, mionzi inaingia tumboni, na mtoto anazaliwa na kasoro ambazo msemaji alisema hatazitaja kwa sababu hapendi kutisha watu.

Marselino alikuwa amekaa mwisho wa benchi. Huyo ndiye Randa, seremala, mtu wa Masasi, na hilo benchi walilokalia kalitengeneza yeye mwenyewe kwa mbao ya mninga, lenye egemeo lililolala kidogo kwa nyuma, akawapa kijiwe bure kwa mapenzi yake. Mkewe Auleria alikuwa na mimba ya kwanza, na kazi yake ilikuwa kuchapa pale stesheneri kwa Mama Eliaichi, mtaa wa pili. Barua za kuomba kazi, kadi za michango ya harusi, kutwa nzima macho kwenye kompyuta. Basi Randa akakiweka kikombe chini.

"Hii ya kweli?" aliuliza.

"Braza, soma hapo juu. Imesambazwa mara nyingi. Ingekuwa uongo watu wangeisambaza mara nyingi?"

Hapo akaingia Mwalimu Audax. Alifundishaga jiografia mpaka akastaafu, na akimaliza hoja huiwekea nukta kwa mdomo ili mtu asiongeze neno; ndiyo maana jina lake kijiweni ni Nukta. Alieleza kwa utulivu kwamba jua lina mionzi na jua linababua, kompyuta nayo ina mwanga, kwa hiyo kompyuta ni jua dogo lililofungiwa kwenye boksi. Nukta.

Mzee Shaweji, mwenye birika, akauliza mbona wanaokesha na televisheni hawajababuka. Akajibiwa televisheni inakaa mbali. Akauliza tena, na hiyo simu ambayo Antena analala nayo kifuani je. Antena akasema yeye hana mimba.

"Una uhakika?" Mzee Shaweji alisema, akimwangalia kitambi.

Wakacheka, lakini Antena hakurudi nyuma. Alisema kuna dada mmoja Ubungo, mkata tiketi za mabasi kwa kompyuta, amejifungua mtoto ambaye badala ya kulia anachapachapa vidole hewani, na manesi wote wamemshuhudia. Nukta akataka kujua mtoto alikuwa anachapa nini. Antena akasema hilo hakuambiwa, yeye si mtu wa kuongeza chumvi.

Randa peke yake hakucheka. Alikuwa anamwona mwanawe akichapachapa.

Jioni alijaribu kumgusia mkewe. Auleria alimsikiliza akiwa amenyoosha miguu yake iliyovimba, akauliza habari hizo kazitoa wapi. Randa akasema kwa watu. Watu gani, wa benchi? Auleria akageukia ukutani akalala, na mazungumzo yakaishia hapo. Mwanaume mwingine angeelewa amejibiwa. Huyu wetu, kulipokucha akaenda kwa Mama Eliaichi kwa siri, akamwomba, kana kwamba katumwa na mkewe, amtoe kwenye kompyuta na ampe kazi nyingine yoyote, bora tu isiwe na kioo.

Kijiweni alipokelewa kama mtu aliyerudi kuhiji. Antena alimpigia saluti. Nukta alisema hapo ndipo unapomjua baba. Randa akaegemea benchi lake, akawanunulia wote kahawa na kashata, na kwa siku kadhaa alitembea kifua mbele, ingawa nyumbani hali haikuwa hiyo. Auleria alikuwa akirudi kutoka kazini haongei. Anaweka sahani mezani, anajikanda kiuno, analala. Randa akajiambia ni mambo ya mimba.

Ijumaa alasiri wakiwa palepale, Antena akawaonyesha kwa kidevu. Upande wa barabara alikuwa anakuja mwanamke na katoni kichwani, mkono mmoja ameishikilia, wa pili uko kiunoni, tumbo limetangulia.

"Randa, yule si shemeji?"

Alikuwa yeye. Auleria aliwafikia, akawaamkia shikamoo Mzee Shaweji na Mwalimu, wakaitikia marahaba kwa sauti ndogo. Kisha akaishusha ile katoni mapajani kwa mumewe. Ilikuwa imejaa rimu za karatasi, na Randa, mbeba mbao, aliguna.

"Nzito?" Auleria aliuliza.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kwenye lori. Ndiyo kazi uliyonitafutia. Lori likija napokea, shule wakiagiza napeleka, zikiisha nasimama kwenye mashine ya fotokopi. Kompyuta kapewa Herieth, binti mwenzangu wa pale kazini. Anajifunza, na anajifunza haraka."

Hakupandisha sauti, na hapo ndipo Randa alipoogopa. Auleria akaendelea polepole. Leo asubuhi alikuwa kliniki, akamuuliza nesi kuhusu hiyo mionzi yao. Nesi kamwambia kioo cha kompyuta hakijaonekana kumdhuru mtoto tumboni. Cha kuangalia ni kukaa kitako kutwa bila kuinuka. Anyanyuke mara kwa mara, atembee, anywe maji, apate kiti cha kuegemea mgongo. Na mizigo mizito aachane nayo.

"Hiyo ya mizigo kaisema mara mbili, maana aliona navyojishika kiuno. Nilikuwa na kazi ya kukaa, mume wangu. Umeniombea ya kubeba. Nikijifungua nitarudi wapi, na kiti changu kina mtu?"

Randa akamgeukia Antena. Antena akaigeuza simu yake kifudifudi pajani.

"Mie nilisambaza tu," alisema.

Nukta alipotazamwa, alifungua mdomo, akatafuta nukta yake, hakuiona.

Mzee Shaweji akamwambia Auleria akae kwanza apumue. Wanaume wakasogea. Auleria akaketi, akalaza mgongo kwenye egemeo la mninga, akafumba macho, na pumzi ndefu ikamtoka, pumzi ya mtu ambaye mgongo wake haujapata pa kutua tangu Jumatatu. Akapapasa ule ubao kwa kiganja, mpaka pale mumewe alipoulalisha kidogo kwa nyuma.

"Kumbe unajuaga kutengeneza egemeo," alisema. "Mie kule kazini nimekaa mwaka mzima kwenye stuli ya plastiki."

Aisee, hilo lilimchoma Randa kuliko yote. Uso ulimpwaya. Wanaume wasio na kazi ya maana kawatafutia mninga, na mkewe, aliyebeba mtoto wake, hata kipande cha mbao ya mkangazi hakuwahi kumfikiria. Aliona haya, akaona na uchungu, akainuka na ile katoni begani.

"Inukeni," aliwaambia wenzake.

"Tunaenda wapi?" Antena aliuliza.

"Nyie mnabeba benchi."

Wakatoka hivyo, mtaa mzima ukishangaa: Randa mbele na katoni, Auleria mikono mitupu, Nukta na Antena nyuma na benchi, wakigombana nani anatembea haraka. Walipofika stesheneri, Randa alitua mzigo, akamwambia Mama Eliaichi mbele ya wateja kwamba alilolisema siku ile lilikuwa la kijiweni, si la mkewe, na kwamba amekosa. Mama Eliaichi alimtazama mpaka jasho likamtoka, akasema kumbe Auleria hakuwa ameomba mwenyewe. Herieth aliinuka bila kuambiwa; siku zote alitaka fotokopi, mgongo ulikuwa unamuuma kwenye ile stuli. Randa akatoa penseli sikioni, akachora mstari benchini. Kesho angelikata hapo, kingetoka kiti.

Antena na Nukta walirudi kijiweni wamelowa jasho. Pale penye benchi palibaki alama za miguu minne tu kwenye vumbi. Nukta akamuuliza Mzee Shaweji kwa unyonge, sasa wao watakaa wapi.

Mzee akawamiminia kahawa, akawapa vikombe wakiwa wamesimama.

"Kwani nesi kasemaje?"