Kiti Changu cha Udaktari Bongwe

Jumatatu, 4 Agosti
Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Gumbaru, shule ya watu wazima, nilikuwa wa kwanza darasani, na yule wa pili amekufa, kwa hiyo hakuna wa kubisha.

Leo fedheha! Alamin, mjukuu wangu, golikipa wa Bongwe, kajikwaa kidole cha mguu mazoezini. Kidole cha mwisho, kile kidogo! Kapakiwa bodaboda hadi hospitali, chumba cha dharura, timu nzima nyuma yake kama wanamsindikiza bwana harusi. Karudi na bandeji hadi gotini. Na mimi Boga, mchuaji viungo, niko papa hapa barazani na chupa yangu ya mafuta ya nazi! Mikono hii iliunga mguu wa mbuzi wa jirani yangu Shutu. Mbuzi yule anatembea mpaka leo. Huzunguka zunguka kidogo, lakini mwishowe hufika.

Jioni kaja Hesbon, kocha, mtu wa bara. Kasema fainali na Gazi ni Jumamosi, na kiti cha daktari kando ya uwanja atakikalia yule ambaye vijana wanamwendea wakiumia. Kiti changu hicho! Cha plastiki, kina mwavuli. Nimekikalia tangu kikiwa stuli.

Jumanne, 5 Agosti
Nimevamia. Nimeketi kwenye benchi la chumba cha dharura, chupa ndani ya kanzu. Kaingia kijana anachechemea. Nikamdaka, nikamchua. Mayowe! Kumbe ni fundi wa feni, kiatu kimempasukia.

Katoka Sista Rispah, muuguzi. Kaniamkia shikamoo kwa adabu, kisha kasema: babu, watoto hawa wanatujazia nafasi ya wagonjwa mahututi kwa michubuko tu. Laiti wangekuja kwako ukawapaka mafuta na kuwaambia wapumzike, ningeshukuru sana.

Ananiogopa. Nimeona machoni.

Jumatano, 6 Agosti
Nimemhoji Alamin, kwa nini hanijii mimi. Kasema, babu, wewe ukimchua mtu analia, halafu akitoka hakuna kinachoonekana. Ukiwa na bandeji, mama hakutumi maji, na wasichana wanakupa pole.

Kumbe ni kitambaa! Basi!

Chini ya kitanda kuna sanduku la bati. Ndani mna bafta nyeupe, mpya: sanda yangu. Mke wangu Mwanarusi aliniwekea zamani, pamoja na karafuu maiti, ile ya kunukishia maiti, ili siku nikifa nisihangaishe watu. Nimefikiri sana. Mtu mwenye afya kama mimi, sanda ya nini mwaka huu?

Nimeichana yote.

Alhamisi, 7 Agosti
Ushindi! Timu nzima imekuja, na wa akiba, na mmoja mzima kabisa aliyesema ataumia kesho. Nimefunga magoti, viwiko, kipaji cha uso. Kule hospitali nasikia Sista anapiga miayo. Hesbon kanusa bandeji, kasema, mzee uko juu, zako hadi zinanukia dawa. Kiti ni changu!

Ijumaa, 8 Agosti
Balaa. Vijana wamepita mbele ya msikiti watu wakitoka kuswali Ijumaa. Upepo ukavuma. Wazee wakaanza kuulizana nani kafariki. Mwanarusi, aliyekuwa na wanawake wenzake, akanusa, akaishika bandeji ya Alamin, akaivuta puani. Ukelele wake ulifika Diani: "Boga! Watoto wa watu umewavisha sanda!"

Alamin kazirai pale pale. Wa pili kasema hasikii miguu. Wa tatu kaanza kuomba radhi kwa majirani. Mama zao wakawabeba kwa tuktuk, bodaboda, mkokoteni, wote chumba cha dharura! Sista kakata bandeji zote. Kakuta mafuta ya nazi na lengelenge moja, nalo la kiatu.

Hesbon kanivua udaktari. Nimemuuliza, katika wote niliowafunga, nani kafa? 

Jumamosi, 9 Agosti
Sista kaketi kwenye kiti changu. Chini ya mwavuli wangu! Nimesimama nyuma yake nikingoja. Kipindi cha pili Alamin kaanguka. Nikachomoka kabla Sista hajainuka. Shimo! Kifundo cha mguu kikalia kwach. Alamin ndiye aliyeniinua.

Nimepelekwa chumba cha dharura. Sista kasema, babu, ni teguko dogo tu, ungekaa nyumbani ukaweka barafu. Nimekataa katakata kushuka kitandani mpaka nifungwe bandeji. Hadi gotini. Kisha kanisukuma mwenyewe hadi nje kwenye kiti cha magurudumu, vijana wote wakitazama. Hicho ndicho kiti cha udaktari! Cha Hesbon kina hata gurudumu moja?

Gazi wameshinda, lakini hilo dogo.

Jumapili, 10 Agosti
Mwanarusi kaninunulia sanda nyingine. Kaificha ndani ya pipa la unga, anadhani sijui. Ni ndefu kuliko ile. Nasikia timu ya voliboli vidole vinawauma. Safari hii nitaianika kwanza. Kosa lilikuwa harufu tu.