Shamba Lililomeza Msitu

Jumatatu, 4 Machi
Kazi nimeipata. Baba mkwe anauza mpira wa miti ya shamba lake ng'ambo kwa mara ya kwanza, na huko hawapokei mpira bila ramani ya shamba, wahakikishe hakuna msitu uliokatwa ili kuupanda. Mtu anazunguka mpaka wote na simu mfukoni, simu inachora mstari alikopita. Shemeji, kaka wa mke wangu, alijitolea. Nikamuwahi. Nikaapa mbele ya wote kwamba ramani ziko damuni mwangu. Sijui ramani.

Jumanne, 5 Machi
Nimefika kona ya kwanza. Jua. Siafu. Viatu vipya. Ndipo akili ikafunguka! Mgemaji wetu, anayekinga utomvu, huzunguka shamba lote kila asubuhi. Nikamtia simu mfukoni, nikamwambia apite mpakani. Nikajilaza kivulini.

Jioni ramani imetumwa. Baba mkwe alinishika mkono, akasema sasa mimi ni mwanawe hasa. Nilimwacha aseme. Shemeji kanuna. Raha iliyoje!

Ijumaa, 8 Machi
Balaa. Mpira umezuiwa bandarini. Mnunuzi anasema shamba letu limeingia msitu wa hifadhi. Nimetazama ramani: mstari unaacha mpaka, unazama msituni, unazunguka huko, unarudi. Nikamkimbilia mgemaji. Akajibu bila wasiwasi kwamba alipitia kukagua mizinga yake ya nyuki, kwani nani alimkataza. Kweli, sikumkataza.

Jumamosi, 9 Machi
Niliisingizia setilaiti inayoielekeza simu. Baba mkwe alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema taratibu kwamba shamba lile alilikuta magugu matupu, hajaangusha mti wa msitu hata wa kuni, na leo watu asiowajua wanamwita mharibifu. Hakunilaumu. Angenilaumu, ningepumua.

Mke wangu ananijua. Aliuliza kama nilitembea mwenyewe. Nikasema nilitembea. Najuta, najuta kweli.

Jumapili, 10 Machi
Mnunuzi ametupa nafasi moja ya mwisho: ramani mpya ifike kesho jioni, la sivyo atanunua kwingine. Baba mkwe akachukua fimbo, azunguke mwenyewe na goti lake lile bovu. Roho iliniuma. Nikamwomba simu, nikamwambia apumzike, safari hii nitatembea kwa miguu yangu mpaka mwisho. Akanipa. Ameniamini tena, mzee wa watu. Nilijifungia chumbani nikalia kidogo.

Jumatatu, 11 Machi
Kona ya kwanza. Jua lile lile. Siafu wale wale, wamenikumbuka. Mbwa wa nyumbani amenifuata. Huyu huandamana na mgemaji kila asubuhi, njia zote anazijua. Nimemfunga simu shingoni, nikamwambia aende. Ameondoka mbio.

Naandika haya kivulini, moyo mweupe. Mbwa hafugi nyuki.