Hotuba ya Kuzindua Karakana ya Redio, Mji wa Kale, Mombasa

Msomaji, nakusihi kwa jina la Mola, neno hata moja lisikutoke kinywani. Hotuba hii ni ya mkubwa wangu, mkuu wa idara, nami karani wake ndiye niliyeinukuu. Akijua, kibarua changu kitaota nyasi.

"Mgeni wa Heshima, ambaye ni mimi, Mwenyekiti wa Kamati Andalizi, ambaye pia ni mimi, mashehe, wachungaji, mabibi na mabwana, wadau wote wa kimkakati, itifaki imezingatiwa! (Makofi.)

Leo, katika karakana hii ambayo kwa utaratibu wa kapasiti-bildingi, yaani kujenga uwezo, ulio jumuishi, endelevu na wa kidijitali imewafikia wanafunzi asilimia mia na kumi na mbili ya lengo, vijana wetu wanashika redio kwa mikono yao, wanaunda antena, wanazungumza kutoka hapa hadi mtaa wa Tudor bila hata uzi wa kushonea, na yote haya yametokana na maono niliyoyapata mwenyewe nikiwa kwenye semina ughaibuni, baada ya chakula cha mchana. (Vigelegele kutoka safu ya mbele, walikoketi wafanyakazi wa idara.)

(Sauti ya msichana: 'Mheshimiwa, mtihani wetu wa vitendo ni Jumatatu, na hatujagusa redio hata moja!')

Huyo ni Becky, mwanafunzi wetu wa mwaka wa pili. Kaa kitako, mwanangu. Teknolojia ya kisasa haiguswi. Ingekuwa ya kuguswa, ingekuwa na waya. (Mzee mmoja nyuma: 'Na hiyo maikrofoni yako, sheikh, mbona ina waya?' Kicheko kirefu.)

Sasa, sisi watu wa Pwani hatuazimi kitu tukaondoka bila kushukuru mbele za watu. Namshukuru Bwana Karisa, mlinzi wa ghala, kwa redio hizi mbili. Betri hazimo, lakini rangi zake zapendeza. Namshukuru Bi Mwanakuu kwa kamba yake ya kuanikia nguo, ambayo tangu asubuhi mnaipiga picha kama antena. (Minong'ono.) Namshukuru Maalim Aidarus kwa chumba hiki cha madrasa, anachokihitaji baada ya alasiri. Na vijana wahudumu wa harusi ya jirani yetu Fairuz, waliovaa makoti meupe, ahsanteni kwa kukubali kuwa walimu hadi wakati wa kupakua biriani. (Bi Mwanakuu: 'Basi nipe kamba yangu, mwanangu, nguo zangu mbichi!')

Redio mkononi! Mombasa mbele! (Becky na wenzake wanatoka.) Ahsanteni sana kwa kuuzindua mradi huu. Siku mradi wenyewe utakapopatikana, tutawaita tena."

Msomaji, mtihani ungali Jumatatu. Ukiwa na redio mbili zenye betri, na subira ya kufundisha, usipige simu ofisini, kwani mkubwa hupokea mwenyewe. Njoo Makupa kwa Mama Mbeyu, muuza viazi karai, umwambie umeleta kamba ya Bi Mwanakuu. Nitafika na Becky na wenzake. Lakini ukija umevaa tai kama mtu wa ofisini, nitanunua viazi vyangu na kwenda zangu.