Kwa Meneja Aliyetuzawadia Kompyuta Akaondoka na Ufunguo

Bibi Nanyori,
Mlimani, juu ya Kikatiti,
Meru.

Kwa Ndugu Abdiel, Meneja wa Kanda,
Kampuni ya Zumaridi Kompyuta,
Arusha Mjini.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU ZAWADI YAKO, PAMOJA NA OMBI LA KUFUNDISHWA BIASHARA

Marahaba. Najua hujaniamkia, ila naitikia mapema tusipoteze muda, maana nimeambiwa wewe ni mtoto wa Skolastika wa pale Kikatiti, na Skolastika hakuzaa mtoto asiyejua kuamkia bibi. Kama uliacha baada ya kupewa kiti kinachozunguka, hilo nitaongea na mama yako.

Mimi nimeishia darasa la nne. Sikwambii ili unihurumie. Darasa la nne la enzi zetu tulifundishwa kusoma kitu mpaka mwisho kabla ya kutia dole gumba. Barua hii naiandika kwa mkono. Ningependa kuiandika kwa zile kompyuta zako zilizoko shuleni, lakini ziko kwenye mgomo.

Kwa kuwa wewe ni mtu mkubwa na wakubwa husahau, nikukumbushe kilichotokea. Mjukuu wangu Nice anafundisha kompyuta katika shule yetu ya kata. Alipoanza hapakuwa na kompyuta hata moja. Alikuwa anachora vitufe ubaoni kwa chaki na watoto wanabonyeza madawati. Akashuka mjini, akazunguka maofisini mpaka Kimandolu, akaomba zile kompyuta zilizokufa ambazo wenyewe walikuwa wanazuilia mlango. Akazileta kwenye pikapu ya nyanya, akazifungua, akazipangusa, akazitia programu huria. Programu huria, alivyonieleza mimi mshamba, ni ile iliyoandikwa na watu wa huku na huko duniani, hata hawafahamiani, wakaiacha wazi: chukua, tumia, tazama ndani, rekebisha, mpe na mwenzako. Zikafufuka. Watoto wakaanza kuchelewa kurudi nyumbani kwa sababu ya kusoma, jambo ambalo ukoo huu ulikuwa haujawahi kuliona.

Ndipo ukaja wewe na gari la kung'aa, utepe na mkasi. Ukatuzawadia kompyuta mpya. Tukapiga vigelegele. Mimi mwenyewe nilipiga, na vyangu naomba unirudishie. Ukamwambia Mwalimu Mkuu Nathanaeli kwamba zile za Nice zitoke, chumba kiwe cha Zumaridi peke yake, kwa maana kitu cha bure kisicho na kampuni hakikosi kuwa cha wizi. Nathanaeli ni mtu wa kuamini tai ya shingoni. Akazipeleka stoo, zikakaa na mifuko ya saruji. Muhula haujaisha, zako zikaandika kwenye kioo kwamba ruhusa imekwisha, lipieni. Zikajifunga zote pamoja kama zimepiga kura. Nice akataka kuzitazama ndani, akaonyeshwa karatasi yako kwamba akizigusa atashitakiwa. Sasa wazazi wanaulizana mwalimu wa kompyuta asiye na kompyuta anafundisha nini, na Jumamosi kuna kikao cha kuamua abaki au aende zake. Hilo ndilo lililonishikisha kalamu. Mjukuu wangu anataka kufukuzwa kazi na zawadi.

Malalamiko yangu ni haya, na uyasome kwa mpangilio, usiruke:

1. Huku kwetu mtu akikupa mbuzi, amekupa na miguu yake. Habaki na miguu akikukodisha, ili siku akikasirika mbuzi alale chini. Nimekaa nimefikiri sana ni kitu gani hasa ulitupa siku ile, nikaona ni utepe. Na utepe wenyewe uliukata.

2. Umekataza watu kutazama ndani. Sisi tuna mfereji unaotoka msituni juu, unapita mashamba yetu wote mpaka chini. Waliouchimba hawakuandika majina yao juu ya maji. Maji yakikatika hatumwandikii meneja. Tunabeba majembe, tunapanda nao mpaka tunakiona kilichoziba, liwe tawi, liwe jiwe, awe shemeji yangu aliyejichepushia. Anayejua anazibua. Asiyejua anasimama anaangalia, na mwaka ujao naye anajua. Asiyetokea siku ya kusafisha anatozwa debe la mbege, pombe yetu ya ndizi, na tunalinywa mbele yake. Nice anasema hizo programu huria zinakwenda hivyohivyo, mtu wa mbali akiona tundu anaziba, na wote wanapona. Nikamwambia kumbe ulisoma miaka yote ile uje kunifundisha mfereji? Zako wewe, mwanangu, ni mfereji uliofunikwa zege toka juu hadi chini. Ukiziba, tukae na migomba yetu inakauka, tukikusubiri uje na suti.

3. Karatasi yako inakataza kumgawia jirani. Nilidhani Nice amesoma vibaya nikamwambia arudie. Akarudia. Eti kumgawia jirani mnakuita uharamia! Basi njoo na polisi, maana mlima mzima ni maharamia. Tunagawana kaa la moto, chumvi, mbegu za maharage, miche ya migomba. Jirani yangu Anyesi ana dume la ng'ombe ambalo limezalisha ndama nusu ya kata hii bila leseni yoyote, na dume lenyewe halioni aibu.

4. Hiyo karatasi Nice alinisomea mpaka chai ikapoa, ikapashwa, ikapoa tena. Ina maneno mengi kuliko siku ya kugawa urithi. Mwisho kabisa kuna kitufe kimoja, Nakubali. Nikauliza cha Sikubali kiko wapi. Hakipo! Hata mchungaji, pamoja na kwamba nyama imeshaiva na bwana harusi amevaa viatu vya kuazima, husimama akauliza kama kuna mwenye pingamizi.

5. Kuhusu apdeti. Mtoto yuko katikati ya kuandika, mashine inajizima, inasema inajiboresha. Ikiwaka, vitu vyote vimehamishwa. Mke wa mwanangu alijaribu kunihamishia sufuria siku moja. Hakurudia.

6. Nice anasema pia zinawapelekea habari zetu, nani kaandika nini na katazama nini. Umbeya mimi siulaumu, ni kazi kama kazi nyingine. Lakini mmbeya wa hapa anakuja mwenyewe kwa miguu yake, anakaa kwenye kigoda, anakunywa chai, na yeye anatoa za kwake. Zumaridi imechukua za kwetu siku zote hizo, haijatuletea hata moja ya kwenu. Huyo meneja aliyekutangulia aliondokaje? Watu wanataka kujua.

7. Mmetangaza kwamba kompyuta za zamani hamzihudumii tena, eti toleo limepitwa, zitupwe hata kama zinafanya kazi. Mimi mwenyewe toleo langu ni la zamani, goti la kushoto linawaka kwa kusitasita, lakini nakama ng'ombe, nalima, na nakuandikia wewe. Ukija huku usije ukaniangalia kwa jicho hilo.

Hata hivyo, Ndugu Meneja, baada ya kulalamika nilipoa, nikaona labda wajinga ni sisi. Wewe una gari, sisi tuna mfereji. Kwa hiyo naomba kwa heshima zote unifundishe biashara hii, nami niingie.

Nimeanza kupanga. Kuanzia sasa atakayenunua mkungu wangu wa ndizi sokoni hatakuwa amenunua ndizi, amenunua ruhusa ya kuzila. Ndizi zitabaki zangu hata zikiwa tumboni. Haruhusiwi kumgawia mgeni, na mwezi ukiisha bila kunilipa tena, sijui mtazifungaje huko tumboni, hapo ndipo nahitaji mafundi wako.

Halafu kuna mabinti zetu. Wakwe waliokuja na ng'ombe, asali na blanketi la bibi wakadhani wamemaliza, nitawaita. Nitawaambia kwamba ile mahari ilikuwa ya toleo la majaribio. Kucheka, kupika na kumjibu mama mkwe kwa adabu ni huduma za ziada, zinalipiwa kila mwaka. Na bwana akimwona mke amenuna, asithubutu kutazama ndani ajue kilichomkasirisha. Amlete kwetu, kwa fundi aliyethibitishwa, ambaye ni mimi.

Kanisani nako nimeona nafasi. Mchungaji anatoa neno bure, kila mtu anakwenda nalo nyumbani, analirudia kwa wagonjwa ambao hawakutoa sadaka. Huo nao ni uharamia mtupu, na naona aibu kwamba nimeushiriki tangu kipaimara.

Ukiona hayo hayafai kwa ndizi, kwa mabinti wala kwa kanisa, basi nieleze, mwanangu, kwa nini yanafaa kwa watoto wa shule.

Ninachodai ni hiki. Jumamosi uje kwenye kikao mwenyewe, usitume mtu. Useme mbele ya wazazi kwamba Nice hakuiba kitu cha mtu. Kisha ama utoe ufunguo wa hizo kompyuta zako, ama uzipakie kwenye gari lako uende nazo, na umwambie Nathanaeli azitoe za Nice kwenye saruji. Ujuzi ukigawiwa haupungui. Anayejua kitu akakifungia ili wenzake wasikijue, mimi namwita mchoyo, na mchoyo huku kwetu hata msibani hapewi kiti cha mbele. Nimeandika hayo bila kuogopa na sifuti hata nukta.

Nimalizie hapa maana ng'ombe wananiita. Nisalimie mama yako Skolastika, mwambie nimemkumbuka na kwamba malezi hayajaisha. Nisalimie dereva wako, yeye aliamkia. Wasalimie mafundi wote wa Zumaridi, na yule aliyeandika ile karatasi mpe pole ya mkono. Wasalimie na wale wanaopokea habari zetu huko kwenye mashine. Waambie sisi wazima, lakini hilo wanalijua.

Ni mimi nisiyekubali, wala sijabonyeza,

Bibi Nanyori,
Bibi yake Mwalimu Nice.

Nyongeza: Nilikuwa nalamba bahasha Nice akaingia anakimbia. Nathanaeli amelegea. Amekubali kuzitoa zile za zamani stoo na Nice abaki na kazi yake, mradi tu Jumamosi wazazi waone kazi moja ya maana waliyoifanya watoto humo. Watoto wamekaa wakachagua wenyewe. Wanataka kuandika ujuzi wa bibi zao, kwa Kimeru na kwa Kiswahili, wauweke kwenye intaneti wazi kabisa, mtu yeyote achukue, ajaribu, arekebishe, ampe mwenzake. Na wameamua waanze na maziwa yangu ya mgando: ni mti gani nachoma kufukizia kibuyu, nafukiza kiasi gani, na nini natia baada ya hapo.

Ndugu Meneja, maziwa hayo watu wa harusi wanayafuata kwa gari kutoka mjini. Anyesi amekuwa akinusa kwenye ua wangu tangu tukiwa wasichana wawili walioolewa jana, na hajaambulia kitu. Mti huo mama mkwe wangu alinitajia akiwa kitandani, mlango umefungwa, na mimi hata binti zangu wa kuzaa sijawatajia. Nice akaniambia, Bibi, si umeandika mwenyewe hapo juu? Nikamwambia hapo juu nilikuwa nazungumzia kompyuta.

Kwa hiyo tafadhali puuza namba moja mpaka namba saba. Nitumie haraka yule mwandishi wa karatasi yako, aje na maneno yake mengi na herufi ndogo, aniandikie ya kibuyu. Asilete nafasi ya pingamizi.

Nice amekaa mlangoni. Ananiangalia tu. Nimemwambia aache kuniangalia hivyo, na bado anaangalia. Fanya upesi, mwanangu, kabla sijamtajia.